Ndoo ya pili itaokoa rangi ya gari

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wenye magari wa Mombasa, pamoja na vijana wanaowaoshea kando ya barabara kuanzia Likoni hadi Bamburi. Magari mengi hufikishwa kwa mpiga rangi yakiwa yamepauka, na wenyewe hulaumu jua na chumvi ya bahari. Jua na chumvi huharibu, hatukatai. Lakini mulika boneti kwa tochi ya simu usiku uone ile mikwaruzo myembamba inayouzunguka mwanga kama utando wa buibui. Jua halichori hivyo. Huo ni mchanga uliosuguliwa kwa kitambaa wiki baada ya wiki, na mwenye gari ndiye aliyeulipia.

Rangi ya gari ina tabaka. Chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi angavu inayoleta ule mng'aro. Vanishi hiyo kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, mara nyingi haifiki hata unene wa unywele mmoja. Chembe za madini ya kwatzi zilizomo katika mchanga na vumbi la barabarani ni ngumu kuliko kioo. Ukizibana kati ya tambara na vanishi, vanishi haina ujanja. Fundi anaweza kuing'arisha ikapendeza tena, lakini kung'arisha ni kuilamba vanishi hiyo hiyo ipungue. Huvumilia hivyo mara chache tu, kisha inaisha, na hapo dawa ni kupiga rangi upya.

Kosa kubwa linaanza asubuhi, kabla hata maji hayajaguswa. Soja wa mtaa au kijana wa maegesho huona gari lina vumbi, akachukua tambara kavu na kulifuta ili mwenye gari akitoka alikute linang'aa. Anafanya kwa wema, na tunamheshimu. Hata hivyo kufuta vumbi kavu ni sawa na kupiga msasa. Mwambieni kwa upole aliache gari hivyo hivyo lilivyo mpaka lipate maji.

Kosa la pili ni tambara moja kwa gari zima. Linaanzia kwenye rimu, palipo na unga wa chuma wa breki, linapanda mlangoni, linamalizia kwenye boneti, na ndoo ni ile ile. Anayetaka kusadiki achukue tambara hilo alikamulie kwenye sahani nyeupe, aiache sahani itulie dakika 5, kisha amwage maji taratibu. Kitakachobaki chini akisage kwa kidole. Ataisikia ile kwaru kwaru.

Sasa njia yenyewe. Gari lioshwe kivulini, boneti ikiwa baridi kiasi cha kuweka kiganja na kukiacha hapo. Hapa kwetu hiyo ni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Juani sabuni hukauka kabla hujaisuuza, ikaacha michirizi inayokulazimisha usugue. Rimu na matairi yaoshwe kwanza, kwa brashi, tambara na maji yake pekee, na vifaa hivyo visiguse rangi kamwe.

Kisha mwagia gari maji kuanzia kwenye paa kushuka chini, bila kuligusa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayoondoa sehemu kubwa ya mchanga. Palipo na matope yaliyoganda, chini ya milango na nyuma ya magurudumu, loweka, subiri dakika 2 au 3, mwagia tena. Mwenye mashine ya presha aishike umbali wa sentimita 30 au zaidi, na asielekeze kwenye ukingo wa mahali palipowahi kupigwa rangi upya, maana maji huingia chini ya rangi yakaibandua.

Baada ya hapo, ndoo mbili. Moja ina maji kama lita 15 na shampuu ya gari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ya pili ina maji matupu. Sabuni ya unga tunaikataa kwa sababu mbili: chembe zisizoyeyuka hukwaruza, na ukali wake huondoa nta inayokinga rangi. Sabuni ya vyombo nayo huondoa nta. Sponji pia tungeomba iachwe, kwa kuwa uso wake ni bapa na mchanga hauna pa kujificha ila katikati yake na rangi. Glavu ya maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba sana, yenye nyuzi ndefu huumeza mchanga ndani, mbali na vanishi.

Chovya glavu katika sabuni, osha paa nusu, nenda ndoo ya pili uisuuze na kuikamua, ndipo urudi kwenye sabuni. Nusu nyingine ya paa, suuza. Vioo, suuza. Boneti, buti, sehemu ya juu ya milango, na kila kipande kikiisha, ndoo ya pili. Chini ya milango na bampa huja mwisho kwa sababu huko ndiko kwenye mchanga mwingi. Mkono uende kwa mistari iliyonyooka, wala usikandamize. Uzito wa glavu yenyewe unatosha. Glavu ikianguka chini, hata kama ni saruji iliyofagiwa, haifai tena mpaka ioshwe kabisa. Chujio pana la plastiki la jikoni, likipinduliwa ndani ya ndoo ya pili, kwenye kitako chake, huzuia mchanga uliotua usitibuke kila unapotia mkono. Maji ya ndoo hiyo yakichafuka, yamwage ujaze mengine.

Wengine watasema maji ni ghali, tunanunua kwa mtungi. Ni kweli, nasi tumelipigia hesabu jambo hilo. Gari dogo lisilo na matope mazito linaoshwa kwa mitungi mitatu ya lita 20: mmoja na ushei wa kumwagia mwanzo, lita 15 za sabuni, lita 15 za ndoo ya pili, na kiasi cha lita 8 za kusuuzia mwisho. Mpira ulioachwa ukitiririka hunywa kuliko hayo.

Hizo lita 8 za mwisho zisiwe za kisima. Mji huu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe na bahari iko pembeni, kwa hiyo maji ya visima vingi yana chokaa na chumvi. Yakikauka juu ya rangi huacha madoa meupe ya duara ambayo sabuni haiyatoi. Tumieni ya kisima kuoshea mkipenda, ila msiyaache yakauke, na mwisho msuuze kwa maji ya mfereji au ya mvua. Doa likishakuwapo, changanya siki nyeupe na maji kwa vipimo sawa, lipanguse kwa kitambaa laini, ngoja dakika moja, suuza vizuri.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi ya walioosha vizuri. Fulana kuukuu ina mishono inayokwaruza, na pengine ni hiyo hiyo iliyofutia dashibodi jana. Ngozi ya kukaushia huteleza vizuri, lakini kikibaki kichembe kimoja huburutwa urefu wote wa mlango. Kinachofaa ni taulo nene ya maikrofaiba. Kwanza mimina maji ya mwisho polepole, mpira ukiwa hauna kichwa cha kurushia, maji yashuke kama shuka. Mengi yataondoka yenyewe. Kisha tandaza taulo juu ya boneti, ipapase kwa viganja inyonye, inyanyue. Kuisugua hakuna haja. Ikunje mara nne ili uwe na pande nyingi safi za kugeuza. Vizingiti vya milango na ukingo wa chini vina taulo yao nyingine, tena yenye rangi tofauti ili zisichanganywe.

Taulo hizo zifuliwe peke yake, kwa sabuni ya maji kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo huziba nyuzi na taulo ikaacha kunyonya. Zianikwe kwenye kamba. Kuzianika juu ya ua au ukutani, ambako vumbi la chokaa halikosekani, ni kuutafuta mchanga ule ule.

Neno kuhusu kunguru, maana mjini hapa hawaepukiki. Kinyesi chao kina tindikali na mara nyingi kina mbegu na changarawe. Usikikwangue. Tandika kitambaa kilicholowa maji juu yake, kiache dakika 10, kisha ukichote kwenda juu bila kuburuta. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kwa sababu boneti ikipata jua tindikali inakula vanishi na alama haitoki tena.

Vijana wetu wanayaweza haya yote, na wengi wanayajua. Wanachokosa ni muda, kwa sababu mteja amesimama na funguo mkononi akitaka gari kwa dakika 10, kwa bei ya dakika 10. Kazi tuliyoieleza huchukua takriban dakika 50. Mpeni kijana muda huo na malipo yake, na mkiweza wekeni glavu yenu na taulo mbili kwenye buti. Siku ambayo mna haraka kweli kweli, mwambieni alimwagie gari maji tu kutoka juu hadi chini, asiiguse rangi, mwondoke nalo likiwa limelowa.

Waosha magari na wapiga rangi,
Kisauni, Mombasa.