Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wapenda wanyama, hamjambo.

Nianze na mahesabu ili tuyamalize. Mweka hazina atayasoma mwenyewe. Hatuna deni, na ada za wengi zimeingia. Wale ambao zao hazijaingia wanajijua.

Jambo lililonikaa moyoni mwaka huu ni ile ziara ya Kitengela. Tulikwenda kwenye boma moja kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, upande ule usio na ua. Nilisimama mbele ya wenyeji, na kwa sauti yangu ya mikutanoni nikasema simba ni urithi wetu sote. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole: "Mwenyekiti, huo urithi ukishikwa na njaa usiku, hupiga hodi kwa nani?" Nikarudi kwenye chai yangu.

Sisi watu wa mjini tumebadilika, na ni vizuri. Zamani hata walinzi wa hifadhi kadhaa za Afrika waliwapiga risasi mbwa mwitu kwa kuwaona waharibifu. Leo simba mmoja akiuawa, simu zetu hazilali. Alipouawa simba Mohawk huko Isinya mwaka 2016, baadhi yetu tulilia. Lakini tujiulize: ni wangapi kati yetu waliwahi kumlilia mbuzi wa mtu? Fisi je? Huyo bado tunamcheka, ilhali naye ana kazi yake porini. Mapenzi yetu yanachagua sura.

Juni 2012, simba 6 waliuawa Kitengela baada ya kuingia bomani na kuua mbuzi. Gharama ilimwangukia mfugaji, hasira ikamwangukia simba, nasi tukabaki na maoni. Na si mifugo tu. Aprili 2025, msichana wa miaka 14 aliuawa na simba karibu na mbuga hii hii. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyama. Mama mwenye boma lile alitutolea fomu zake kutoka mfuko wa plastiki, zimekunjwa mpaka mikunjo inachanika. Aliyekufa kwake ni ng'ombe tu, lakini bado anangoja. Ofisi yenyewe sitaitaja.

Kisha akatuonyesha taa zake. Betri ya gari, paneli ya sola juu ya bati, waya uliofungwa kwenye miti ya boma, na balbu zinazowaka kwa zamu, simba adhani kuna mtu anazunguka na tochi. Ubunifu huo ni wa Richard Turere, kijana wa Kitengela hiyo hiyo, aliyekuwa na miaka 11 alipoufikiria, akatumia hata kifaa cha indiketa ya pikipiki. Balbu mbili za mama zilikuwa zimeungua, na betri imechoka.

Hapa ndipo tulipokosana kwenye kamati. Wengine walisema kununulia watu betri si kazi ya chama cha wapenda wanyama. Mimi nasema taa zikizimika, mfugaji aliyechoka hutega sumu, na sumu haichagui: humuua simba aliyekula mbuzi, na asiyekula, na tai wanaoshukia mzoga. Anayetaka simba waishi hana budi kumsaidia yule anayelala nao jirani. Nikisema hivi simfanyi mtu yeyote hisani. Nalipa sehemu yangu ya kile ninachofurahia bure kutoka dirisha la gari.

Kwa hiyo naleta hoja mbili. Kwanza, fedha za basi la matembezi ya Desemba zinunue betri na balbu, nasi twende kwa matatu. Pili, tuwakaribishe wafugaji wawili kwenye kamati, wawe na kura na si viti tu. Katibu ananiambia katiba yetu inaruhusu.

Anayepinga asimame aseme. Mzee yule amekubali kuja. Ameketi safu ya nyuma.