Kufifia kwa miji ya pwani ya Uingereza asitwishwe Beeching peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili niijibu makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu miji ya mapumziko ya pwani ya Uingereza iliyochakaa. Mwandishi wenu ameieleza vizuri hali ya miji hiyo ilivyo leo: hoteli zilizozibwa madirisha kwa mbao, kumbi za dansi zilizogeuzwa maghala, na nyumba za wageni ambazo sasa hupangishwa chumba kimoja kimoja kwa watu wasio na pa kwenda. Nisichokubaliana naye ni mambo mawili. La kwanza ni hukumu yake kwamba miji hiyo iliuawa na Dk Richard Beeching, mwenyekiti wa Bodi ya Reli ya Uingereza, ambaye ripoti yake ya mwaka 1963 ilipendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 na takriban maili 5,000 za reli. La pili ni namna alivyozipitia ajabu za reli za enzi ya Malkia Victoria na mwanawe, Mfalme Edward wa Saba, kana kwamba zilikuwa vichekesho vya watu wenye fedha nyingi na akili kidogo. Nayajibu pamoja kwa sababu ukishaelewa ajabu hizo zilitokana na nini, utaona pia kwa nini miji ile ilikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza.

Mimi ninaishi Hull, na mji wa mapumziko ulio jirani nasi ni Withernsea, ambao kabla ya reli kufika mwaka 1854 ulikuwa kijiji tu. Mfanyabiashara wa Hull aitwaye Anthony Bannister ndiye aliyesukuma reli hiyo ijengwe, akitumaini kwamba watu wa mji wa bandari wenye moshi na harufu ya samaki wangelipa nauli ili wakavute hewa safi. Katika miaka ya 1870 mji ukapata gati la matembezi, yaani lile daraja refu la chuma linaloingia baharini bila kufika popote, ambalo Waingereza walilijenga karibu katika kila mji wa pwani ili mtu atembee juu ya maji bila kupanda chombo. La Withernsea lilikuwa na urefu wa futi karibu 1,200, na langoni pake paliwekwa minara miwili mithili ya ngome. Bahari ya Kaskazini haikulistahi. Dhoruba baada ya dhoruba, meli zilizopoteza mwelekeo zililigonga na kuondoka na kipande, hadi zikabaki futi 50 hivi, ambazo nazo ziliondolewa mwaka 1903. Minara ingalipo. Mgeni hupita katikati yake kama anayeingia ikulu, akajikuta anatazamana na mchanga na mawimbi. Treni za abiria ziliendelea kufika hapo hadi Oktoba 1964. Kwa hiyo pambo kuu la mji lilikuwa limetoweka miaka 60 kabla ya Beeching kushika kalamu, na ndoto ya Bannister ya kuwa na mji mkubwa wa kifahari haikuwahi kutimia, ingawa treni zilikuwa zikija kila siku.

Ni kweli kwamba reli ndiyo iliyoizaa miji hii, lakini tujiulize iliizaa kwa ajili ya nani. Reli za mwanzo hazikumtaka mtu maskini. Zilimpakia katika mabehewa ya wazi, nyuma ya treni za mizigo au pamoja nazo. Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1841, treni ya namna hiyo iligonga maporomoko ya udongo huko Sonning, magharibi ya London, na wafanyakazi waliokuwa katika mabehewa hayo wakarushwa nje. Watu wanane walikufa papo hapo. Mwaka 1844, William Gladstone akiwa waziri wa biashara, Bunge likapitisha sheria iliyozilazimisha kampuni kuendesha angalau treni moja kila siku yenye mabehewa ya kuezekwa kwa daraja la tatu, isimame katika kila stesheni, isipungue mwendo wa maili 12 kwa saa, na nauli isizidi peni moja kwa maili. Kampuni zilinung'unika sana, kisha zikagundua kwamba watu maskini wengi wanalipa kuliko matajiri wachache. Kampuni ya Midland ilifuta daraja la pili mwaka 1875, nyingine zikafuata pole pole, na ndiyo sababu kwa miongo mingi Mwingereza alisafiri ama katika daraja la kwanza ama la tatu, bila la pili katikati, hadi mwaka 1956 lile la tatu lilipobatizwa jina la daraja la pili. Mwandishi wenu ameliita jambo hili wendawazimu wa kuhesabu. Mimi naona ni alama ya mahali ambapo fedha zilikuwa zinatoka.

Mwaka 1871 zikaja sikukuu za kisheria ambazo benki zilifungwa, na huko Lancashire, kaskazini-magharibi ya England, kila mji wa viwanda ukawa unafunga vinu vyake vya pamba kwa wiki nzima, kwa zamu, mji huu wiki hii na ule wiki ijayo. Mji mzima ulihamia mji wa pwani wa Blackpool kwa pamoja, jirani akamkuta jirani ufukweni. Si kila mtu alifurahia wageni wa aina hiyo. Katika mji wa pwani wa Scarborough, bwana mmoja aitwaye George Knowles alichapisha kijitabu mwaka 1840 akiipinga reli, kwa hoja kwamba ingewaletea wazururaji na watu wasio na fedha za kutumia. Reli ilifika mwaka 1845, na leo stesheni ya Scarborough inajulikana kwa benchi lake la abiria lenye urefu wa mita 139, ambalo peke yake linatosha kukueleza ni umati gani uliokuwa ukisubiri treni za kurudi nyumbani jioni.

Umati huo ndio uliozaa baadhi ya ajabu ambazo mwandishi wenu amezicheka. Chukua lile behewa la kuachwa njiani, lililoanza kutumika mwaka 1858 huko Haywards Heath kwenye njia ya London hadi Brighton. Treni ya haraka ilikuwa ikikaribia stesheni ndogo ambayo haikutaka kusimama. Katika behewa la mwisho alikaa gadi wake mwenyewe, na alipofika mahali alipopajua, alivuta mkono wa chuma, ndoano ikafunguka, treni ikaendelea na safari yake kwa kasi ileile, na behewa lake likabaki likiserereka peke yake kwa nguvu ya mwendo. Kazi yake ikawa kulifunga breki kidogo kidogo ili lisimame sawasawa kwenye jukwaa. Akikaza mapema, abiria wamekwama porini, na akichelewa, wamepitiliza. Abiria wa Brighton hawakucheleweshwa na wale wa mji mdogo walishuka kwao. Kasoro yake ni kwamba mbinu hii ilifanya kazi upande mmoja tu, kwa sababu hakuna aliyeweza kulidaka behewa lililosimama kwa treni inayokwenda mbio. Hata hivyo ilidumu zaidi ya miaka 100, hadi behewa la mwisho lilipoachwa Bicester mwezi Septemba 1960. Kitu cha kichekesho hakidumu karne nzima katika biashara ya watu wanaohesabu kila peni.

Kuna ajabu nyingine ambazo hazichekeshi hata kidogo, na makala ilinyamaza kuzihusu. Tarehe 12 Juni 1889 treni ya matembezi iliondoka Armagh, Ireland, kwenda mji wa pwani wa Warrenpoint, ikiwa na watu wapatao 940, wengi wao watoto wa madarasa ya dini ya Jumapili pamoja na wazazi wao. Milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa ufunguo ili asipande mtu asiye na tiketi. Injini ikashindwa kupanda mlima, ndipo ikaamuliwa treni ikatwe vipande viwili na kipande cha mbele kitangulie. Breki za treni hiyo zilifanya kazi pale tu zilipounganishwa na injini. Mara baada ya kukatwa, mabehewa kumi ya nyuma yalibaki yameshikwa na breki ya mkono ya gadi na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Injini iliporudi nyuma kidogo kabla ya kuondoka, ikayasukuma, mawe yakapondeka, na mabehewa yakateremka mlima hadi yakaigonga treni iliyokuwa ikifuata. Watu 80 walikufa. Mwaka uleule Bunge likaagiza kila treni ya abiria iwe na breki zinazojifunga zenyewe katika kila behewa pindi treni inapokatika, na treni mbili zisiruhusiwe kamwe kuwa katika kipande kimoja cha njia kwa wakati mmoja. Usalama ambao msafiri wa reli wa Uingereza huuona leo kuwa jambo la kawaida umetokana kwa sehemu kubwa na safari ile ya watoto kwenda pwani.

Namwachia mwandishi wenu kicheko kimoja cha haki. Magnus Volk wa Brighton, ambaye reli yake ndogo ya umeme ya mwaka 1883 inaendelea kubeba abiria ufukweni, alifungua nyingine mwaka 1896 iliyopita ndani ya bahari yenyewe: sebule ya abiria iliyosimama juu ya miguu minne ya chuma yenye urefu wa mita saba, na chini ya maji kulikuwa na reli. Kwa kuwa kilikuwa chombo kilichopita baharini, kilibeba nahodha na mashua ya kuokolea watu. Dhoruba ilikiangusha wiki moja tu baada ya kufunguliwa, kikatengenezwa, kikaendelea hadi mwaka 1901. Hapo hata mimi sina utetezi.

Sasa nirudi kwa Beeching. Kama reli ndiyo uhai wa mji wa pwani, basi Blackpool ilipaswa kuwa inanawiri. Ni kweli stesheni yake ya kati ilifungwa mwaka 1964, lakini treni bado zinafika katika stesheni nyingine za mji huo, na njia ya stesheni ya kaskazini ilitiwa umeme mwaka 2018. Pamoja na hayo, kwa kipimo cha serikali cha mwaka 2019, hakuna halmashauri England iliyokuwa na ufukara kuliko Blackpool, na kati ya mitaa kumi fukara zaidi, minane ilikuwa humo. Mtaa ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa Jaywick, pwani ya Essex, ambao haukuwahi kuwa na stesheni ya reli kuu, hivyo Beeching hakuwa na cha kuufungia. Kwa upande wa pili, Southwold ilipoteza reli yake nyembamba, iliyozuiwa kuzidi maili 16 kwa saa, tangu mwaka 1929, na Padstow ikapoteza ya kwake mwaka 1967. Miji yote miwili imefurika watu wenye fedha, na huko Southwold kibanda cha mbao cha ufukweni kimeuzwa kwa bei ambayo ingenunua nyumba nzima Blackpool.

Mfano ulio wazi zaidi ni Fleetwood. Sir Peter Hesketh-Fleetwood aliujenga mji huo mwishoni mwa miaka ya 1830 kwa sababu wataalamu waliamini kwamba injini haitaweza kuipanda milima ya Shap kuelekea Scotland. Abiria kutoka London wangepanda treni hadi Fleetwood, walale katika hoteli ya North Euston, iliyopewa jina la stesheni waliyotokea, kisha wamalizie safari kwa meli. Reli ilifika mwaka 1840. Miaka sita baadaye njia ya kupita Shap ikafunguliwa, injini zikapanda, na abiria wa Scotland wakaacha kuja. Mwenye mji alikuwa tayari ameishiwa na kuuza mali zake. Reli ilikuwepo, hoteli ilikuwepo, ila sababu ya mtu kushuka hapo ilikuwa imeondoka.

Ndivyo ilivyokuwa baadaye kwa miji mingine. Ilijengwa kwa ajili ya mteja wa aina moja, mfanyakazi wa kiwandani mwenye wiki moja ya mapumziko, na kwa msimu mmoja wa miezi michache. Vinu vya pamba vilipofungwa, motokaa zilipoingia katika nyumba za kawaida, na ndege za bei nafuu zilipoanza kumpeleka mteja huyohuyo Uhispania kwenye jua la uhakika, nyumba zenye vyumba kumi na viwili zilibaki bila kazi. Makampuni ya reli yaliuza mahali kwa maneno mazuri kuliko mahali penyewe. Tangazo mashuhuri la Skegness la mwaka 1908, lenye mvuvi mnene anayerukaruka mchangani, lilichorwa na John Hassall kwa paundi 12 na ushee, naye hakuwahi kuukanyaga mji huo hadi mwaka 1936. Wasomaji wa Afrika Mashariki wasidhani mtindo huo uliishia huko, kwani katika miaka hiyohiyo Reli ya Uganda ilitoa tangazo likiwaalika makabaila wa Ulaya kuzifanya nyanda za juu za Kenya makazi yao ya majira ya baridi.

Sisemi Beeching hana lawama. Aliowadhuru ni wakazi zaidi kuliko wageni. Leo njia ya reli ya zamani kutoka Hull kuelekea Withernsea ni ya waendao kwa miguu na baiskeli, na kijana wa huko asiye na gari hutegemea basi kufika kazini, chuoni au hospitalini. Ripoti ya mwaka 2021 ya Profesa Chris Whitty, mganga mkuu wa serikali kwa England, ilionyesha kwamba wakazi wa pwani wana afya mbaya kuliko wenzao wa bara na kwamba huduma za afya huko zinapata shida kuajiri watumishi. Mwandishi wenu akiamua kuendelea na mada hii, namwomba azungumze na watu hao, kwa sababu katika makala nzima sikumwona mkazi hata mmoja akihojiwa.

Wasalaam,
Msomaji wenu,
Hull, Uingereza