Kikao cha Jumamosi: barafu na sisi wa Dodoma
Wanagrupu habari za jioni, jumamosi saa nne asubuhi tukutane UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) palepale, ajenda ni APECS, ule umoja wa wanasayansi wachanga wa ncha za dunia uliotokana na Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia wa 2007-2008, kujiunga bure kabisa. Najua kuna mtu atauliza Dodoma na barafu wapi na wapi 😂 kwani ya Kilimanjaro si inaisha? Hata wa barafu za milimani wanapokelewa, na sio jiolojia tu, watu wa sosholojia na sheria mnaingia, wazoefu wanawashika mkono wadogo. Mwaka mwingine wa Kimataifa wa Ncha za Dunia ni 2032-2033, fasti yia wa leo ndo mtakuwa kazini hapo. Bando kila mtu ajinunulie jamani.