Shoga, hivyo vitopu viache Moshi

Shoga yangu,

Mambo? Nimeona meseji yako kwamba tiketi ya boti ya kuja huku Zanzibar ushakata, nimefurahi mpaka basi, lakini kabla hujafunga begi nisikilize maana nakujua, utajaza vitopu vya kamba tupu.

Mwaka jana nami nilikuwa na akili hizo hizo. Mimi mweusi tii, jua litanifanya nini, mambo ya losheni si ya wazungu hayo? Tukatoka Jambiani na ngalawa mpaka mwambani, nikavaa miwani ya kuzamia nikaelea kifudifudi naangalia samaki kama masaa mawili hivi, mgongo juu, upepo mwanana, kawingu kametanda, wala sikusikia joto. Jioni sasa! Mabega yanawaka kama nimemwagiwa uji wa moto, sidiria haivaliki, siku mbili nalalia tumbo na wiki iliyofuata ngozi inabanduka kama maganda ya kitunguu. Kumbe na sisi tunaungua, tunachelewa tu na ule wekundu hauonekani, halafu upepo unakupoza unadhani salama wakati miale inapenya wingu na maji pia inapenya.

Dada mmoja wa pale analima mwani, alicheka mpaka akakaa chini. "Weye, ushaniona mie hata siku moja nimeingia baharini mgongo wazi?" Na kweli, maji yakitoka waangalie wale akina mama, mikono mirefu, suruali chini ya gauni, kanga kichwani na pama juu yake. Mi nilidhani ni stara tu, kumbe wale jua linawapiga toka juu na linawarudia tena toka kwenye maji na ule mchanga mweupe. Kwa hiyo njoo na blauzi ya mikono mirefu, rangi iliyokolea na kitambaa kizito kidogo, tisheti nyeupe ikilowa ni kama hujavaa.

Halafu unakuja mwanzoni mwa Oktoba, hapo jua linapita Zanzibar utosini kabisa, saa sita ukisimama ufukweni kivuli kinajificha chini ya miguu. Siku hizi mimi saa yangu ni kivuli. Kikiwa kifupi kuliko mimi, yaani toka kama saa tatu mpaka saa tisa, niko zangu chini ya mkungu nanywa dafu, kikirefuka narudi majini.

Losheni chukua ya SPF 30, yaani kile kipimo cha kukinga jua, inatosha, hiyo 50 bei mbaya na inachozidi ni kidogo mno, moja inazuia asilimia 97 ya miale inayounguza na nyingine 98. Ila pakaa nyingi, usifanye ubahili, rudia kila masaa mawili na kila ukitoka kuoga, masikio na kisogo usisahau. Utakuwa mweupe kama umetoka kusaga unga, vumilia. Shangazi atakwambia upake liwa, ule mti wa kunukia unaosagwa, ipake usiku inapoza kweli, ila mchana usiitegemee.

Na mdogo wako mje naye bwana, sisi tulivyokuwa tunamtania na likofia lake na mashati yake ya mikono mirefu kumbe mwenye ualbino ndiye mwenye akili kutushinda wote. Ila ile Kilisun yake, losheni ya jua wanayopewa wenye ualbino, inayotengenezwa hapo Moshi hospitali ya KCMC, usije ukaimalizia njiani, nunua yako.

Nakusubiri bandarini,
Shogayo