Makombora yenu hayakwepeki: malalamiko kutoka Malindi

Mwenye ukumbi wa gemu,
Mtaa wa Shella,
Malindi.

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

MINT: MAKOMBORA YASIYOKWEPEKA TANGU MTOE TOLEO JIPYA

Salamu kwenu. Jambo hili nimelileta zaidi ya mara moja kupitia fomu yenu ya mtandaoni, nami hujibiwa yale yale: intaneti yako ni hafifu, punguza ubora wa picha, ongeza mazoezi. Sasa naandika kwa urefu, na ombi langu la kwanza ni kwamba barua hii isomwe na mtu aliyewahi kurusha ndege ndani ya gemu yenu, si yule wa kubandika majibu.

Nina ukumbi mdogo hapa Shella. Mashine nyingi ni za mpira, na hizo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Mbili nimezifungia joistiki na pedali nikazitia gemu yenu ya ndege za kivita, kwa bei ambayo mke wangu hajaambiwa hadi leo. Wateja wake si wengi lakini ni wa kudumu: fundi wa simu, dereva wa tuktuk anayesubiri abiria wa uwanja wa ndege, na mwalimu wa fizikia ambaye kila Jumamosi huchelewa chakula cha mchana kwa ajili yenu. Kinachowaleta ni kukwepa. Kengele ya onyo ikilia sikioni una sekunde chache za kuamua, na raha yote iko hapo.

Zamani mambo yalikwenda hivi. Adui akikurushia kombora la rada kutoka mbali, tuseme AIM-120, ulikuwa ukigeuza ndege mpaka rada ikuone ubavu, huku ukishuka ili nyuma yako pawe na ardhi badala ya anga tupu. Rada za aina hiyo hutenganisha ndege na ardhi kwa tofauti ya kasi ya kukaribia, ile athari ya Doppler. Ukiipa ubavu, huisogelei wala huikimbii. Kasi yako machoni pake inalingana na ya mchanga ulio chini yako, na chujio lake linakutupa pamoja na mchanga. Nyuzi za alumini, zile ndege humwaga nyuma yake ili kuihadaa rada, nazo zina mahali pake. Ukizimwaga huku unamkabili adui uso kwa uso ni kazi bure, maana hewa huzisimamisha papo hapo na rada inaona wazi kwamba kile kitu hakiendi. Zimwage ukiwa ubavu, wewe na nyuzi mnafanana, na kombora linaweza kuziandama zenyewe. Mwalimu alimweleza dereva wa tuktuk hayo yote nyuma ya risiti, naye akaelewa. Na haikuwa rahisi! Ukipotoka digrii chache, unaonekana tena. Ukiwa juu sana na adui yuko chini anakutazama dhidi ya anga, ubavu haukusaidii kitu. Hilo twalikubali, ndivyo ilivyo.

Tangu toleo jipya, unakaa ubavu sawasawa, uko chini karibu uguse miti, nyuzi umemwaga, na kombora linakuja mlangoni kama mtu anayedai pesa zake.

Kilichonikera zaidi ni nguvu zake. Injini ya kombora la angani huwaka sekunde chache tu. Baada ya hapo linateleza kwa kasi iliyobaki, na kila kona linayokata inaila kasi hiyo. Ndiyo maana rubani hugeuka, akashuka kwenye hewa nzito, akageuka tena: anailazimisha silaha itumie akiba yake. Sisi wa Malindi hatuhitaji kuhadithiwa habari za roketi. Jukwaa la Waitaliano liko hapo baharini Ngomeni, wazee wetu waliziona roketi za Scout zikipaa tangu 1967, na satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Tunajua fueli ikiisha imeisha. Kombora lenu limetoka mbali, injini imezima kitambo, lapaswa kuwa limechoka, na bado linakata kona ambayo ndege ya kivita F-16 inayovuta G 9, yaani rubani akibanwa kwa mara tisa ya uzito wake, haiwezi kuitoroka.

Kuhusu intaneti, nakubali kwamba seva zenu ziko Ulaya na safari ni ndefu. Najua pia kwamba kombora laweza kupita pembeni kwenye skrini yangu na kugonga kwenye seva. Basi nikachomoa waya. Tulicheza misheni za mazoezi, mtu dhidi ya kompyuta, pasipo mtandao wowote, na tukafa vile vile. Rekodi nimeambatisha, za toleo la zamani na za sasa, ndege ile ile na umbali ule ule wa kurushiwa.

Mmoja wenu aliniambia kwamba hivi ndivyo vita vilivyo, kombora halikwepeki. Tarehe 19 Januari 1991, juu ya Baghdad, rubani wa F-16 aitwaye Emmett Tullia alikwepa makombora sita yaliyorushwa kutoka ardhini, na vifaa vyake vya kumwaga nyuzi na mioto ya kuhadaa makombora havikufanya kazi. Alikwepa kwa kugeuza ndege tu. Wenzake wawili waliangushwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo sisemi kombora ni mchezo. Nasema kukwepa kupo, na nyinyi mmekuondoa.

Makombora ya joto, yale yanayofuata joto la injini ya ndege, nayo yameharibika. Sina neno na AIM-9X, la kisasa, kuipuuza mioto ya kuhadaa. Ile huona umbo la ndege. Lakini AIM-9B? Silaha iliyotumika vitani mara ya kwanza mwaka 1958, ambayo hata jua liliweza kuipoteza? Kwenu inapita katikati ya mioto bila kugeuza shingo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: chumba cha rubani mmekitengeneza vizuri mno, na mawingu mapya ni ya kutazamwa tu.

Ninachotaka ni kimojawapo kati ya haya. Rekebisheni rada na kasi ya makombora, mseme hadharani mmebadilisha nini. Au tupeni kitufe cha kurudi toleo lililopita, kwani leseni nimenunua na mashine ni zangu. Mkishindwa yote mawili, nirudishieni pesa za leseni zote mbili kwa njia ile ile niliyolipia. Fundi wa simu ameshahamia kwenye mpira. Dereva wa tuktuk bado yuaja, ila sasa anakaa kuangalia tu, na kuangalia hakulipiwi.

Nikijibiwa tena habari za intaneti, nitaifuta gemu kwenye mashine zote mbili na joistiki nitaziuza.

Wenu mwaminifu,
Mwenye ukumbi, Shella, Malindi.