Mhariri, simu haijaizika GPS ya mkononi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu. Nimeisoma makala yenu ya juzi kuhusu GPS za mkononi, vifaa vinavyokuonesha ulipo kwa setelaiti, hizi za kupandia milima na kuchezea jiokashingi, ule mchezo wa kutafuta vikopo vilivyofichwa kwa kufuata namba za mahali. Mwandishi wenu kajitahidi kwa kweli, ila kuna mawili yamenikwaza. La kwanza kasema simu imeshaizika GPS ya mkononi na anayenunua leo anatupa hela. La pili, kwa wabishi ambao watanunua tu, kawapangia vifaa kwenye jedwali kwa kigezo kimoja, kipi kinakosea mita chache. Hili la pili mi naliona ndo baya zaidi, maana mtu ataenda dukani kulipia kitu ambacho simu yake inacho tayari, halafu akikosa kile alichokuwa anakihitaji kweli atasema mwandishi alikuwa sahihi, vifaa hivi havina maana.

Tuanze na hizo mita. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa inaiharibu makusudi ishara ya GPS ya raia, jeshi lao likibaki na ishara safi, na raia ukawa unaweza kuoneshwa mahali palipo hata mita 100 kutoka ulipo. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Mei mwaka ule ile hali ikazimwa kwa amri ya Rais Bill Clinton, na vifaa vilevile ambavyo watu walikuwa navyo vikaanza kusoma vizuri karibu mara 10 bila mtu kuvigusa. Tarehe 3 Mei jamaa anaitwa Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, ndani kaweka daftari, penseli na vikorokoro vya hapa na pale, akatupia namba za mahali pale kwenye intaneti, na Mike Teague akawa wa kwanza kuifikia. Ndo jiokashingi ilivyoanza. Yaani mchezo wenyewe umezaliwa kwa sababu mita ziliacha kuwa tatizo, sasa leo tunarudi kuzihesabu za nini?

Maana ukisimama uwanja wa wazi, kifaa cha bei ya chini, cha bei ya kutisha, na simu yako, vyote vitakuweka ndani ya mita 5 hivi. Na hata ukipata kinachokosea kidogo zaidi, kwenye jiokashingi hakikufikishi mbali, kwa sababu aliyeificha hazina, yaani hilo kopo, naye alitumia kifaa chenye makosa yake, chake kimevuta mita 4 upande ule, chako mita 4 upande huu, uko mita 8 mbali na kopo na hakuna aliyekosea kitu. Ndo maana wazoefu wakibakiza kama mita 10 wanakiweka kifaa mfukoni wanaanza kutumia macho, wanatafuta shina lenye tundu, jiwe lililokaa kama limewekwa, vijiti vilivyopangika kupita kiasi. Anayeendelea kuukimbiza mshale atazunguka pale mpaka jioni.

Sehemu ambapo upokeaji mzuri unaonekana kweli ni chini ya miti minene na kwenye makorongo. Setelaiti zenyewe ziko juu kilomita 20,200 hivi, ishara inafika huku chini ikiwa dhaifu mno, majani mabichi yanainyonya, na kuta za mawe zinairudisha, kwa hiyo kifaa kinapokea ishara iliyogonga mwamba kwanza ikachelewa, kinapiga hesabu ya umbali kinakosea, ni kama mtu akuite bondeni we ukasikia mwangwi ukageukia upande ambao hayupo. Hapo vifaa vinavyosoma masafa mawili, yaani mawimbi mawili tofauti ya redio ya setelaiti yanayoitwa L1 na L5, vinasaidia sana kuichuja ishara ya kweli. Kusoma na setelaiti za wengine kunasaidia pia, yaani GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, sababu kifaa kinahitaji kuona setelaiti 4 ndo kijue ulipo pamoja na mwinuko wako, na ukiwa kwenye korongo anga unayoiona ni kipande tu. Kwa hiyo mtu wa misitu na makorongo alipie masafa mawili, mtu wa vilima vya wazi asihangaike.

Sasa simu. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, simu ni nzuri, na kwa jiokashingi ya mjini siwezi kumshauri mtu anunue kitu kingine, unafungua programu, unaona hazina zilizo karibu, unasoma kidokezo, ukiipata unaandika palepale. Na kuna watu wengi bado wanaamini GPS ya simu inahitaji mtandao, haihitaji jamani, hata ukiwa umeweka flaiti modi inapokea setelaiti kama kawaida, mtandao unairahisishia tu kuanza haraka kwa kuiambia setelaiti ziko wapi saa hiyo. Kinachohitaji mtandao ni ramani, na ramani unaweza kuidanlodi nyumbani kabla hujatoka.

Ila mlimani simu ina shida ambayo haimo kwenye jedwali lenu. Ndiyo ramani yako na ndiyo hiyohiyo utakayopigia kuomba msaada, ikizima umepoteza vyote viwili kwa mpigo. Na inazima haraka, kwa sababu kwenye jua kioo chake kinalazimika kuongeza mwanga mpaka mwisho ndo usome kitu, na mwanga ndo unaokula chaji, wakati vioo vya GPS nyingi za mkononi vinatumia jua lenyewe, likizidi kuwaka ndo vinazidi kusomeka. Baridi nayo, simu yenye asilimia 30 inaweza kukata ghafla kileleni ukabaki unaishangaa. Garmin wanasema eTrex SE yao inakaa mpaka saa 168 kwa betri mbili za AA. Mi madai ya watengenezaji huwa nayapunguza kichwani, lakini hata ukiyakata nusu bado ni zaidi ya siku tatu usiku na mchana, simu gani itakupa hiyo huku imewasha ramani?

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue ipi, mi namuuliza kwanza mikono yake itakuwa na hali gani. Kama ni mvua, glavu, jasho, achukue yenye batani. Kioo cha kugusa ni kitamu dukani, mvua ikinyesha matone nayo yanabonyeza, ramani inakimbia yenyewe, vidole vimelowa hakisikii, na hapo ndo ulikuwa unahitaji kujua njia inakata wapi. Batani zinachosha kuandikia majina, kweli, ila unaandika majina mara ngapi ukiwa njiani?

Betri nazo zina mjadala wake. Zipo GPS zenye betri ya ndani ya kuchaji, zinakaa muda mrefu sana, ila ikiisha unategemea pawabenki. Zipo za AA, unabeba pea ya akiba kwenye begi, inaisha unabadilisha dakika moja unaendelea, mi niko upande huu na sibadiliki. Kwenye baridi tumia AA za lithiamu, zile za alkalini zinalegea mapema. Za kuchaji pia zinafaa, ila ingia kwenye mipangilio (settings) ya kifaa ukakiambie ni betri za aina gani, usipofanya hivyo kipimo cha chaji kitakudanganya.

Halafu dira, na hapa ndo nawashangaa sana kuiruka. GPS yenyewe haijui umeangalia wapi, inajua unapoelekea kwa sababu unatembea, ukisimama haina tena cha kukisia, mshale unaganda au unaanza kuyumba. Vifaa vya bei ya chini vingi havina dira ya sumaku ndani. Kwa mtu wa kutembea tu njiani si tatizo, lakini kwenye jiokashingi zile hatua za mwisho unakwenda pole, unasimama, unageuka, na hapo kifaa kisicho na dira kinakuwa hakikuambii kitu. Hela ambayo ungelipia hizo mita mbili za kwenye jedwali, lipia dira ya elektroniki ya mihimili mitatu, ambayo inasoma sawa hata ukikishika kifaa kimeinama. Na uisawazishe kila ukibadilisha betri, mbali na gari na vitu vya chuma.

Kipima hewa cha kupimia mwinuko nacho kipo kwenye vifaa vya kati na kuendelea, ni kizuri, ila ujue kinapima mgandamizo wa hewa, sio urefu wa mlima. Umeamka kwenye hema kifaa kinasema umepanda mita 40 wakati wote mmelala palepale, basi mgandamizo umeshuka kama hektopaskali 5 usiku ule, dalili kwamba hali ya hewa inaweza kuchafuka, huo mlima mnaotaka kuupanda angalieni mawingu kwanza.

Kuna kitu kingine ambacho natamani kingeandikwa kwa herufi kubwa. GPS inapokea tu, haitumi chochote. Watu wananunua kifaa wakiamini wakipotea "watu wa setelaiti" watawaona walipo. Hakuna anayekuona! Setelaiti hata haijui kama upo. Ukitaka kutuma ujumbe au kuomba uokoaji sehemu isiyo na mtandao ni lazima kifaa chenye mawasiliano ya setelaiti, kama zile inReach, na hicho kina ada ya kulipia mbali na bei ya kununua. Kwa anayepanda milima peke yake mi ningemwambia aanze na hicho, mambo ya masafa mawili yatafuata.

Kwenye matumizi sitasema mengi. Washa kifaa mahali pa wazi kabla hujaanza, kiache kitulie, weka alama pale ulipoanzia, na uruhusu kirekodi njia unayopita, maana ukungu ukishuka ile njia uliyopita yenye mistari yako mwenyewe ina thamani kuliko ramani yoyote, unairudia hivyohivyo mpaka chini. Umbali kinaouonesha ni wa moja kwa moja, kikisema mita 400 hakijakuambia kati yako na hapo kuna mto. Ramani zipo za bure zinazotengenezwa kutoka OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, vifaa vingi vya Garmin vinazikubali, kwa hiyo usiwe mwepesi kulipia ramani kabla hujajaribu hizo. Na dira ya kawaida na ramani ya karatasi bado zinabebwa, hapo sina mjadala na mtu.

Kwa wanaoficha hazina, tafadhali msichukue namba mara moja mkaondoka. Vifaa vingi vina sehemu ya kupiga wastani, unakiacha palepale dakika kadhaa kinasoma mara nyingi, ukiweza rudi siku nyingine setelaiti zikiwa zimejipanga tofauti urudie. Ukifanya uvivu hapo kila atakayekuja ataumia kwa ajili yako. Chakula usiweke, wanyama watakuja kulifumua kopo, na anayetoa kitu aweke cha thamani ileile au zaidi.

Mwisho, Mhariri, nina ombi. Kwenye makala mmechapa namba za mfano, 45 30 50, bila nukta wala alama yoyote. Hizo ni nyuzi, dakika na sekunde, au ni nyuzi 45 na dakika 30.50? Jiokashingi inatumia huo mtindo wa pili, nyuzi na dakika zenye desimali tatu, ambapo ile tarakimu ya mwisho ni kama mita 2 tu kwenye kipimo cha kaskazini na kusini. Lakini msomaji akichukua mtindo mmoja badala ya mwingine kwenye namba zenu atatua zaidi ya mita 600 kutoka mahali penyewe, na hapo kifaa kitakuwa kimefanya kazi yake bila kosa hata kidogo. Vilevile hamkusema namba ni za mfumo gani, kifaa kikiwa kimesetiwa kwa ramani ya zamani badala ya WGS84, mfumo wa kuhesabia mahali ambao GPS yenyewe inautumia, unaweza kuongeza mamia ya mita nyingine juu ya hizo. Naomba toleo lijalo mzichape upya, na nukta yake, na WGS84 pembeni.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.