Nyekundu ya dukani, nyekundu ya nyumbani

Mama mmoja alirudi dukani kwetu Kariakoo asubuhi na mapema, hata majora ya nje hatujamaliza kuyapanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki mlichonikatia jana sicho nilichochagua."

Akatoa mfukoni mita 6 za krepu nyekundu, sare ya akina mama wa upande wa bibi harusi, akazitandaza kaunta nzima. Jana ilikuwa inawaka, alisema. Leo imepoa kama nguo iliyofuliwa miaka miwili.

Tulishusha jora lenyewe. Tukalaza mkato wa jora na mkato wa kipande chake, ukingo kwa ukingo. Nyuzi zikaoana, rangi ni ileile. Akashika huku, akashika kule, kimya. Mama yule hakuwa mwongo, na sisi hatukumbadilishia kitambaa. Ila jana yake, kabla ya kufika kwenye nyekundu, alikaa karibu nusu saa akichagua kijani cha upande wa bwana harusi. Tulimfunulia kijani juu ya kijani, kisha papo hapo tukamwekea nyekundu mbele ya macho. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na kosa la mpangilio huo lilikuwa letu.

Nyuma ya jicho, ndani, kuna seli zinazopokea rangi, ziitwazo koni. Ziko aina 3, na kila aina huitikia zaidi sehemu yake ya mwanga. Ukikaza macho kwenye rangi moja kwa muda, zile zinazoitikia sana rangi hiyo hupunguza mwitikio wake. Haziumwi, zimezoea tu. Ni kama udi chumbani: aliyekaa ndani hausikii tena, anayeingia anaupokea mlangoni. Kwa hiyo baada ya kijani kingi, upande wa kijani unakuwa umelegea, na nyekundu ikija inakuta njia nyeupe. Inaonekana imekolea kuliko ilivyo. Ukilala ukaamka, jicho limerudi sawa, na kitambaa kinakuonyesha rangi yake ya siku zote.

Unaweza kuliona hili hapo ulipo. Chukua kitu chekundu, hata kifuniko cha ndoo, kazia macho sehemu moja kwa sekunde 30 bila kuhamisha, kisha tazama ukuta mweupe. Utaona doa la kijani linaloelekea bluu likielea mbele yako.

Wenzetu wa kazi hii walilijua mapema. Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa, alianza mwaka 1824 kusimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Mafundi walikuwa wakilalamika kwamba rangi ya nyuzi nyeusi haijakolea. Alipozichunguza akakuta zina ubora uleule wa nyuzi za kwingineko. Rangi za jirani ndizo zilizozifanya zionekane dhaifu. Katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1839 aligusa pia wauzaji kama sisi. Mwonyeshe mnunuzi vitambaa 14 vyekundu kimoja baada ya kingine, alisema, na vile 6 au 7 vya mwisho ataviona havina uzuri wa vile vya kwanza, hata kama vyote ni sawasawa. Dawa yake: mpe kijani akitazame kwanza, ndipo uendelee. Nikikumbuka majora mazuri ya damu ya mzee yaliyokataliwa hapa kwa sababu tu yalishushwa mwisho, roho inaniuma.

Lakini nyekundu si kitu mbele ya krimu. Hii ndiyo inayowaliza watu, kwa sababu hapa mazoea yanafika polepole bila mtu kujua. Bibi harusi anaonyeshwa satini ya krimu, halafu nyingine, halafu nyingine. Kufikia ya kumi jicho limeshaifanya krimu kuwa ndiyo nyeupe, na nyeupe halisi ikiletwa anasema "hapana, hii ina bluu." Anakata krimu. Siku ya harusi anasimama kando ya shati jeupe la bwana harusi, na kwenye picha gauni lina manjano. Fundi wa watu analaumiwa, mpiga picha analaumiwa.

Na kitambaa kikishakatwa hakirudi, ndiyo desturi ya mtaa mzima, na hasara yote inamwangukia mteja. Kwa hiyo tumebadilisha namna ya kuuza. Kaunta tumeifunika kitambaa cha kijivu, ili macho yawe na pa kupumzikia kati ya jora na jora. Rangi za familia moja tunashusha zisizozidi 4 kwa mkupuo. Ukiwa umebaki na mbili, tunazilaza pamoja, ukingo kwa ukingo, kwa sababu macho yanayotazama hii ndiyo hayohayo yanayotazama ile, na tofauti utakayoiona hapo ni ya kuaminika kuliko kumbukumbu ya jora lililoondolewa dakika 10 zilizopita. Anayechagua krimu tunamwekea karatasi nyeupe pembeni muda wote. Taa nazo zina mambo yake, toka nje na kitambaa ukaone. Ila jicho lililokwisha kuzoea kijani unatoka nalo hivyohivyo, basi lipe kwanza dakika chache za kuangalia mengine, watu, barabara, chochote.

Kwa sare za watu wengi tunakata kipande cha upana wa kiganja, bure. Nenda nacho nyumbani, kiweke mahali, kitazame asubuhi kabla hujatazama rangi nyingine yoyote. Jora tunakutunzia mpaka kesho yake jioni.